Kupanga Likizo kwenye Mwamba wa Matumbawe: Anza na Kalenda ya Bahari

Watu wengi wanaopanga likizo ya baharini huanza na nauli, wakafuatia na chumba, na mwisho kabisa, wakiwa wameshalipa, ndipo wanapouliza bahari itakuwa katika hali gani. Kwa anayetaka kupumzika ufukweni mpangilio huo hauna hasara, kwa kuwa mchanga upo mwaka mzima. Kwa anayetaka kuona mwamba wa matumbawe, mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu, kwa sababu mwamba uleule ambao wiki hii maji yake ni maangavu kama kioo unaweza wiki ijayo kuwa na maji yasiyokuonyesha hata kiganja cha mkono wako mwenyewe. Niliwahi kununua tiketi ya siku nne kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ilikuwa rahisi. Nilifika katikati ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, upepo ukivuma kuelekea pwani. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa hadi vichwa vya matumbawe vimetokeza juu, na alasiri, yalipojaa, yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki niliowaona zaidi katika safari ile ni wale waliokuwa kwenye picha zilizotundikwa ukutani katika chumba cha kulia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kalenda ya bahari itangulie, na mambo mengine yote, yaani tiketi, chumba, mafunzo na vifaa, yaifuate.

Aina ya mwamba na umbali wake

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi na kujijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao huwapa sehemu kubwa ya chakula na pia huwapa rangi. Kwa kuwa mwani huo unahitaji mwanga wa jua, miamba mingi hustawi katika maji ya joto, safi na yasiyo na kina kirefu. Miamba hiyo hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaojulikana huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao.

Msafiri anahitaji kujua kama mwamba anaoutaka umeshikana na pwani, umetengwa na pwani kwa maji mapana, au umezunguka wangwa wa bahari kama pete. Mwamba ulioshikana na pwani, kama ilivyo sehemu nyingi za Bahari ya Shamu, hufikiwa kwa miguu: unavaa miwani ya kuzamia ukiwa ufukweni, unatembea hatua chache, kisha unajikuta juu ya bustani ya samaki. Mwamba uliotengwa na pwani hudai boti. Great Barrier Reef ya Australia, yenye urefu wa takriban kilomita 2,300 na iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni mfano mkubwa kuliko yote, na anayekaa Cairns akitaka kufika kwenye miamba ya nje hutumia saa moja na nusu au mbili baharini kabla ya kugusa maji. Kwa mtu anayesumbuliwa na kichefuchefu cha bahari, au anayesafiri na watoto wadogo, taarifa hiyo ina uzito kuliko idadi ya nyota za hoteli. Miamba ya pete, kama ile ya Maldivi, huwapa wageni mwamba ulio jirani na kitanda, ingawa si kila kisiwa kina mwamba mzuri mbele yake, na swali hilo liulizwe kwa jina la kisiwa chenyewe, si kwa jina la nchi.

Mwezi wa kwenda

Kila bahari ina msimu wake, na misimu hiyo haifanani. Katika Great Barrier Reef miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye mvua kidogo na maji maangavu, ilhali kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, na takriban kuanzia Novemba hadi Mei yavuyavu wenye sumu kali hukaribia pwani, hivi kwamba waogeleaji huvaa nguo za kufunika mwili mzima. Karibi ina msimu rasmi wa vimbunga unaoanza tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, kwa hiyo anayekwenda Belize, ambako mwamba uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, hufanya vyema kuchagua miezi ya kiangazi kati ya Februari na Mei. Raja Ampat, katika Indonesia ya mashariki, ambako kumeorodheshwa zaidi ya aina 500 za matumbawe magumu, hupendeza zaidi kati ya Oktoba na Aprili, kwa kuwa katikati ya mwaka upepo hukoroga bahari. Bahari ya Shamu huendewa mwaka mzima, ila mwezi Februari maji ya upande wa kaskazini hushuka hadi karibu nyuzi 21 au 22, na anayedhani kwamba tropiki haina baridi hutetemeka baada ya nusu saa. Katika magharibi mwa Bahari ya Hindi mambo hufuata kusi na kaskazi, yaani pepo za msimu za kusini na za kaskazini: kipindi cha malelezi, upepo unapogeuka, na miezi ya kaskazi inayofuata, huwa na maji maangavu, hali masika huleta matope ya mito na kusi huinua mawimbi.

Hata hivyo, msimu bora hutegemea pia unachotaka kuona. Maldivi ina anga safi na bahari tulivu kuanzia Januari hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi inayopendekezwa na karibu kila mtu. Lakini taa wakubwa, wale wenye mabawa mapana kuliko kimo cha mtu, hukusanyika kwa wingi katika ghuba ya Hanifaru, ndani ya Hifadhi ya Baa, kati ya Juni na Novemba, wakati wa upepo wa kusini-magharibi, kwa sababu ndipo mikondo inapolisukumia ghubani tope la viumbe wadogo wanaoliwa na taa hao. Maji huwa na ukungu kwa sababu hiyohiyo inayowaleta taa. Anayetaka picha za matumbawe yaliyo wazi aende Machi; anayetaka taa avumilie mvua, na ajue pia kwamba ndani ya ghuba hiyo kuzamia kwa mtungi wa hewa kumepigwa marufuku na kunaruhusiwa kuogelea kwa miwani na bomba la kupumulia tu.

Siku za kwenda

Ukishachagua mwezi, fungua jedwali la maji kujaa na kupwa la mahali husika na kalenda ya mwezi wa angani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mikondo hupata nguvu. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na maji hutulia. Katika pwani ya Afrika Mashariki tofauti hiyo wakati wa bamvua hukaribia mita 4, na maana yake ni kwamba mwamba wa karibu na ufuo hauwezi kuogelewa kwa saa kadhaa kila siku. Katika Karibi, kinyume chake, maji hupanda na kushuka kwa chini ya nusu mita katika sehemu nyingi, kwa hiyo mwezi wa angani hauna haja ya kukunyima usingizi.

Kwa anayeanza, siku za maji mafu ndizo za kutafuta. Mzamiaji mzoefu anaweza kupenda bamvua kwenye mikondo ya kupitia kati ya visiwa, kwa sababu papa na samaki wakubwa hufuata maji yanayokwenda kasi, lakini hilo ni jambo la mtu anayeijua pumzi yake. Katika siku yoyote ile, muda mzuri kwa kawaida ni maji yanapokaribia kujaa kabisa, kwa kuwa maji yanayoingia hutoka bahari kuu yakiwa safi, na yanayotoka huburuta mchanga na matope ya wangwani. Linganisha saa hiyo na jua: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana miale huingia moja kwa moja majini na rangi huonekana. Siku ambayo maji hujaa saa tano asubuhi na upepo ni mdogo ni siku ya thamani, na ni afadhali kuijua miezi mitatu kabla kuliko kuambiwa na mgeni mwenzako aliyekwishaondoka.

Lipo jambo jingine ambalo zamani halikuwamo katika mipango ya msafiri, nalo ni joto la bahari. Maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida cha kiangazi kwa takriban nyuzi 1 tu na yakaendelea hivyo kwa wiki kadhaa, matumbawe huutoa ule mwani yaliokuwa yakiishi nao na kubaki meupe. Yakikaa hivyo muda mrefu hufa, na mwamba huchukua miaka mingi kujirudi. Kupauka kwa kiwango cha dunia nzima kulitokea mwaka 1998, 2010, kati ya 2014 na 2017, na mara ya nne kulitangazwa Aprili 2024. Idara ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, ina mradi uitwao Coral Reef Watch unaopima joto la uso wa bahari kwa setilaiti na kuweka ramani zake wazi kwa kila mtu. Kipimo chake hujumlisha ukali wa joto na muda wake katika wiki 12 zilizopita: kikifika 4, kupauka kwa kiasi kikubwa kunatarajiwa, kikifika 8, vifo vya matumbawe vinatarajiwa. Tazama ramani hiyo kabla ya kulipa amana isiyorudishwa. Picha za matangazo hazina tarehe, na mwamba unaoonyeshwa humo huenda ulipigwa picha kabla ya joto la mwisho.

Uwezo wako mwenyewe

Si lazima uzame ili uone mwamba. Sehemu yenye uhai mwingi na rangi nyingi huwa ndani ya mita 10 za juu, na kwa miwani, bomba la kupumulia na mapezi ya miguuni mtu anayeelea juu huona karibu yote anayoyaona mwenzake mwenye mtungi. Fanya mazoezi mapema kwenye bwawa: elea kifudifudi kwa dakika 20 bila kushika ukingo, jaza bomba maji kwa makusudi kisha uyapulize yatoke. Anayeyaweza hayo bwawani hahangaiki wimbi dogo linapompiga kisogoni.

Anayetaka kuzamia kwa mtungi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuonjeshwa, yaani kuzama mara moja mkononi mwa mwalimu bila kupita mita 12. Ya pili ni mafunzo ya msingi ya siku tatu hadi nne, yanayompa cheti cha kushuka hadi mita 18. Nadharia na mazoezi ya bwawani yamalizwe nyumbani kabla ya safari kama inawezekana, kwani kukaa darasani ukitazama bahari dirishani ni kupoteza likizo. Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli. Pumu, maradhi ya moyo, upasuaji wa masikio na dawa za kila siku ni mambo ya kumwuliza daktari miezi kadhaa kabla, na hata mafua ya kawaida yanatosha kumzuia mtu, kwa sababu masikio yaliyoziba hayawezi kusawazisha mgandamizo wa maji.

Tarehe ya ndege ya kurudi nayo inategemea mbizi. Hewa ya mtungini huingiza naitrojeni nyingi mwilini, na mtu akipanda angani kabla haijatoka, gesi hiyo hufanya mapovu kwenye tishu na damu. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, unataka saa 12 zisizopungua baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 zisizopungua baada ya mbizi nyingi au za siku nyingi. Mimi huacha siku nzima, na ninaihesabu tangu ninapokata tiketi. Bima ya safari isomwe kwa makini: nyingi haziwahusu wazamiaji, nyingine huishia kwenye kina fulani, na inayofaa ni ile inayotaja kwa maneno gharama za kusafirishwa hadi kwenye chumba cha matibabu ya mgandamizo.

Boti na watu wake

Maswali matano au sita yanatosha kumjua mwendeshaji. Muulize kama boti yake hufungwa kwenye boya au hutupa nanga, kwa sababu nanga moja huvunja kwa dakika tumbawe ambalo, kama ni la aina ya bonge, hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka. Muulize kiongozi mmoja husimamia wageni wangapi, na wasiojua kuogelea hufanyiwa nini. Muulize kama kuna oksijeni botini na nani amefunzwa kuitumia. Muulize wanawahesabuje watu kabla ya boti kufunguliwa kwenye boya. Swali hili la mwisho wengine huliona la kuchekesha, lakini mwaka 1998 wazamiaji wawili waliachwa baharini katika Great Barrier Reef kwa sababu hesabu ya watu haikufanywa sawasawa, na hawakuonekana tena. Mwendeshaji mzuri hujibu haraka kwa kuwa ameshaulizwa. Anayekasirika amekujibu pia. Usimpende zaidi anayeahidi kwamba utawaona kasa, bali anayekuambia kwamba upepo ukizidi hatatoka na pesa zako atakurudishia.

Vifaa

Kodi mapezi na koti la kuelea, lakini miwani ya kuzamia nunua yako. Kuipima ni rahisi: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha ondoa mkono. Ikibaki imeshika usoni, inakufaa. Ikianguka au ukihisi hewa ikipenya pembeni, iache hata kama ni ya bei kubwa. Nywele zikiingia chini ya mpira, maji yataingia, na mwenye ndevu au masharubu ajue kwamba atayamwaga maji kila mara. Miwani mipya hutoka kiwandani na utando mwembamba unaoiletea ukungu, basi paka dawa ya meno ya kawaida kwenye kioo cha ndani, sugua kwa kidole taratibu, suuza, na urudie mara tatu au nne. Anayevaa miwani ya macho anaweza kupata ya kuzamia yenye kioo cha namba yake.

Shati la kuogelea la mikono mirefu lina faida kuliko chupa ya mafuta ya jua, kwa kuwa mgongo wa mtu anayeelea kifudifudi huungua bila yeye kuhisi. Sehemu zinazobaki wazi zipakwe mafuta yenye madini ya zinki. Palau imepiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe tangu tarehe 1 Januari 2020, na Hawaii ikafuata mwaka 2021 kwa kuzuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kwa hiyo soma maandishi ya chupa kabla ya kuipakia. Maji huondoa joto mwilini mara nyingi zaidi kuliko hewa. Hata katika nyuzi 27, anayekaa saa nzima atahitaji nguo ya mpira ya milimita 3.

Ukiwa majini

Usiguse na usisimame. Mkono hukwaruzwa na kidonda cha matumbawe huchelewa kupona, na zaidi ya hapo baadhi ya vinavyoonekana kuwa mawe si mawe: samaki jiwe hujificha palepale mtu anapotaka kuweka mguu. Akikuchoma, au ukichomwa na mwiba wa taa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto ya takriban nyuzi 45, yasiyounguza, kisha utafute hospitali. Kwa yavuyavu wa Australia ya kaskazini dawa ya kwanza ni siki. Konokono wenye gamba zuri la umbo la pia wasiokotwe kabisa, maana baadhi yao wana sumu ya kuua. Na vipande vya matumbawe, hata vilivyokufa, vibaki vilipo. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na forodha huyakamata.

Tulia sehemu moja. Anayeogelea kwa haraka kutoka jabali hadi jabali huona migongo ya samaki wanaokimbia, ilhali anayeelea bila kupiga mapezi kwa dakika tano huwaona wakirudi. Sikiliza pia: utasikia mtafuno mkavu, kama mtu anayevunja karanga mbali, na ukifuata sauti utamkuta pono akiguguna mwamba kwa mdomo wake wa kasuku, kisha akiogelea na kuachia nyuma yake wingu jeupe la mchanga. Ukiwa na ujuzi wa kutosha, tenga usiku mmoja wa mbizi ya tochi. Ndipo utakapojua waliosema usingizi wa pono walikuwa wamemwona kwa macho: hulala amejibana kwenye upenyo, na aina nyingine hujizungushia mfuko wa ute unaong'aa kidogo kwenye mwanga, wala hashtuki maji yanapomtikisa. Usimmulike machoni.

Siku ya mwisho, ile uliyoitenga kwa ajili ya ndege, inatosha kwa kazi ndogo. Loweka miwani na bomba katika maji yasiyo na chumvi, vikaushe kivulini, kwa kuwa jua huupasua mpira. Kisha andika katika daftari tarehe, umri wa mwezi wa angani, saa ya maji kujaa, upande wa upepo na umbali uliokuwa ukiona majini kila siku. Ukurasa huo mmoja ndio utakaofungua kwanza safari nyingine itakapokaribia.